Swali la Mama

Wahenga walinena kuwa maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mimi, mwanafunzi wa fasihi, niliamini kwamba maji ya wanakemia hayakuwa yangu kuyaoga.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Naivasha. Mama, ambaye amechuma maua kwa miaka mingi katika shamba moja, aliniuliza: "Mwanangu, maji yanayooshea pampu za dawa huishia wapi?" Nilinyamaza. Mwenzangu wa bwenini anayesomea kemia alikuwa amenieleza utafiti wake kuhusu jambo hilohilo, ila kwa Kiingereza. Sikuwa na maneno ya kumpa Mama.

Niliporejea chuoni, tuliketi na kamusi. Magamba ya kamba na kaa, alisema, yana dutu iitwayo kitini. Hutiwa asidi ili chokaa itoke, kisha huchemshwa katika sodiamu haidroksaidi kali. Zao lake ni kitosani. Katika maji yenye asidi kidogo, kitosani huwa na chaji chanya, hivyo huvuta sumu zenye chaji hasi, kama vile glaifoseti, dawa ya kuulia magugu. Kwa kuwa kitosani yenyewe huyeyuka katika asidi, minyororo yake hufungamanishwa kwa kemikali, ikawa shanga ndogo zisizoyeyuka. Ajabu ni kwamba gamba la mdudu nalo limejengwa kwa kitini. Kinachomkinga mdudu ndicho kinachotafutiwa njia ya kunasa dawa zilizoundwa kumwua!

Nilimweleza Mama hayo yote kwa simu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na shanga hizo zikishashiba sumu, zitatupwa wapi?"

Nilimpelekea mwenzangu swali hilo. Alicheka kidogo, kisha akakiri kuwa hapo ndipo penye kazi. Shanga hunasa sumu tu, haziiangamizi. Zisiposafishwa na kutumiwa tena, au sumu hiyo isipoharibiwa, tutakuwa tumeihamisha kutoka majini hadi jalalani.

Mpenzi msomaji, Mama hakuvuka darasa la nne. Hata hivyo, alipopewa maneno, aliuliza swali la mtafiti. Sisi tulio na kamusi mkononi tumekawia mno kuwapa maneno hayo wale wanaoishi kando ya maji yenyewe. Mimi nimeanza orodha yangu. Neno la kwanza ni kitosani.