Ipite Diani: Pumziko la kweli liko Gazi, Shimoni na Wasini

Kuna likizo inayomrudisha mtu nyumbani akiwa amechoka kuliko alivyoondoka. Baba na mama hudunduliza fedha mwaka mzima, Disemba inapofika watoto hutiwa garini, na safari ya Mombasa ikaanza. Wakifika huko ni foleni ya feri, foleni ya chakula hotelini, muziki hadi usiku wa manane, na watoto wanaotaka hiki na kile. Siku ya nne mfuko umetoboka na mama bado hajaketi. Wakirudi Nairobi, Nakuru au Eldoret, huwa wanahitaji likizo nyingine ya kuwapumzisha kutokana na ile ya kwanza.

Si kwamba Mombasa na Diani ni pabaya. Mchanga wa Diani unasifika duniani kote, na mwenye kupenda shamrashamra atazipata tele. Lakini yule anayetaka kusikia upepo na mawimbi, alale mchana bila ya kuulizwa, na wanawe wacheze bila ya kulipia kila mchezo, hana budi kuipita Diani na kuendelea kusini. Huko kuna miji midogo ya Waswahili na Wadigo ambayo wasafiri wengi huipita wakienda Lunga Lunga bila hata kugeuza shingo. Leo, mpenzi msomaji, tunakupeleka katika mitatu: Gazi, Shimoni na Wasini.

Njia yake

Kutoka Nairobi unaweza kuteremka kwa basi, kwa gari lako, au kwa gari moshi la Madaraka Express ambalo limekuwa likifanya safari hiyo tangu mwaka wa 2017. Ukishafika Mombasa, njia iliyozoeleka ni kuvuka kwa feri ya Likoni. Mwenye gari sasa anaweza pia kupitia barabara ya Dongo Kundu na kufika Pwani ya Kusini bila ya kupanda feri kamwe. Asiye na gari asiwe na wasiwasi. Matatu za Likoni humfikisha Ukunda, na kutoka hapo atapata nyingine za kuelekea Msambweni na Lunga Lunga.

Gazi iko yapata kilomita 50 kusini ya Mombasa. Mbele zaidi, ukifika Kanana, unaiacha barabara kuu na kushika njia ya kushoto inayokwenda mpaka baharini. Mwisho wa njia hiyo ndipo Shimoni, na ng'ambo ya mlango wa bahari unakiona kisiwa cha Wasini.

Gazi na mikoko yake

Gazi ni mji wa minazi, nyumba za udongo na za mawe, na ghuba yenye maji matulivu. Asubuhi wavuvi hurudi na mitumbwi yao, kina mama hukaanga samaki kando ya njia, na baada ya Adhuhuri mji wote hutulia. Wazee hukaa barazani wakicheza bao. Mgeni akiamkia vizuri, husogezewa nafasi.

Mji huu una historia nzito kuliko ukubwa wake. Hapa ndipo alipokaa Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyewapiga vita Waingereza mnamo mwaka wa 1895. Mwaka uliofuata alizidiwa nguvu, akavuka mpaka na kuingia Tanganyika iliyokuwa chini ya Wajerumani, asirudi tena. Nyumba yake ya Gazi baadaye ilitumika kuwa shule.

Lakini kinachomvuta mgeni siku hizi ni mikoko. Kina mama wa Gazi wamejenga daraja la mbao linalopita katikati ya msitu huo, na kwa ada ndogo mgeni huongozwa akielezwa tofauti ya mkoko, mchu, muia, mkandaa na mlilana. Watoto hupenda kuwatazama kaa wadogo wenye gando moja kubwa wakitoka matopeni maji yanapokupwa. Ukiagiza mapema, kina mama haohao watakupikia wali wa nazi na samaki wa kupaka.

Msitu huo nusura uishe. Katika miaka ya 1970 mikoko ya ghuba hii ilifyekwa kwa wingi ikawa kuni za viwandani, na sehemu kubwa ya pwani ikabaki matope matupu. Samaki wakapungua, kwa maana mizizi ya mikoko ndiyo malezi ya vitoto vya samaki na kamba. Tangu miaka ya 1990, wataalamu wa taasisi ya KMFRI wakishirikiana na wanakijiji walianza kupanda upya, mche kwa mche. Mwaka wa 2013 ukaanzishwa mradi wa Mikoko Pamoja, ambao hutunza hekta 117 za msitu na kuuza nje hewa ya kaboni ambayo miti hiyo huihifadhi. Fedha zinazopatikana zimeingia katika maji ya mji na vitabu vya shule. Mwaka wa 2017 mradi huo ulipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa.

Kwa hivyo utakaposimama juu ya lile daraja ukafurahia kimya, ujue kwamba kimya hicho hakikujiotea. Kilipandwa kwa mikono.

Shimoni na pango lake

Jina la Shimoni latokana na mapango ya matumbawe yaliyo hatua chache kutoka ufukweni. Wazee wa hapo husimulia kwamba watumwa walifungiwa humo wakingojea vyombo vya kuwapeleka Unguja. Ndani ni giza na unyevunyevu, popo wametanda darini, na ukutani kuna vyuma ambavyo kiongozi atakuonyesha akisema ndimo minyororo ilimofungiwa. Biashara ya watumwa baharini ilipigwa marufuku kwa mkataba wa mwaka wa 1873 baina ya Uingereza na Sultani wa Zanzibar, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka wa 1907.

Huenda mtu akauliza, pango la watumwa lina uhusiano gani na mapumziko? Uhusiano upo. Kupumzika si kusahau kila kitu. Mtoto aliyezoea kusoma habari hizi kitabuni atauliza maswali mengi akitoka pale, na jioni mkiwa mmekaa ufukweni mtakuwa na wakati wa kuyajibu. Ni mara ngapi nyumbani mnapata wakati huo? Pango linasimamiwa na wenyeji, na ada ya kiingilio husaidia mahitaji ya mji.

Hapa pia ndipo Kampuni ya IBEA, iliyotawala sehemu hizi kabla ya Serikali ya Uingereza, ilipokuwa na ofisi zake za mwanzo mwishoni mwa karne ya 19. Na ukipenda kuona kazi ya leo, fika Kibuyuni, karibu na Shimoni, ambako kina mama hulima mwani. Huufunga kwenye kamba zilizotandazwa katika maji machache, wakauvuna na kuuanika kabla ya kuuza.

Wasini, kisiwa kisicho na gari

Kutoka gati la Shimoni, mashua za abiria huvuka hadi Wasini kwa robo saa hivi. Ukishuka, jambo la kwanza utakalolitambua ni kwamba hakuna mngurumo. Kisiwa hakina barabara wala gari. Kuna vijia vyembamba, kuku, mbuzi, na watoto wanaokwenda chuoni na misahafu yao. Upande mmoja uko mji wa Wasini wenyewe, ambao wengi wa watu wake ni Wavumba, na upande wa pili uko Mkwiro. Mpenzi wa lugha atege sikio: Kivumba cha hapa ni Kiswahili, lakini mtu wa bara atalazimika kusikiliza mara mbili.

Kwa miaka mingi kisiwa hiki kisicho na mito wala visima vya maji matamu kiliishi kwa maji ya mvua yaliyokingwa katika majabia. Ndiyo maana mwenyeji wa Wasini hamwagi maji ovyo, na mgeni naye aige.

Nyuma ya mji kuna bustani ya matumbawe. Si maua, ni miamba ya kale iliyoachwa juu bahari ilipoteremka, imechongwa na maji na upepo ikawa na maumbo ya kila namna. Kikundi cha kina mama kimejenga daraja la mbao juu yake, na ada wanayotoza huingia mikononi mwao wenyewe. Karibu na mji yako pia magofu na kaburi la mnara lililopambwa kwa vyombo vya kauri vya Kichina, ushahidi kwamba watu wa hapa walifanya biashara na ulimwengu zamani za kale.

Mwenye kupenda kuogelea atakodi mashua hadi hifadhi ya Kisite-Mpunguti, inayosimamiwa na shirika la KWS. Hifadhi ya Kisite ina eneo la kilomita 28 za mraba, na ile ya Mpunguti 11. Huko maji ni maangavu, samaki ni wa rangi zote, kasa hupita chini yako, na mara nyingi pomboo hucheza mbele ya mashua. Asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea maisha hata akibaki chomboni.

Bahari ndiyo saa

Katika miji hii mambo huenda kwa maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika siku moja, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Nyakati za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Kwa hivyo usipange safari yako kwa saa ya ofisini. Muulize mwenyeji maji yanajaa saa ngapi. Kaa huonekana yakikupwa, na mashua hutia nanga kwa urahisi yakijaa.

Majira nayo yana maana. Wakati wa kaskazi, tangu Novemba hadi Machi, bahari huwa shwari na maji maangavu. Masika ya Aprili na Mei huleta mvua nyingi, na kusi ya Juni hadi Agosti huchafua bahari, ingawa ndio wakati nyangumi huanza kupita pwani yetu.

Adabu za mgeni

Hii ni miji ya Waislamu wenye heshima zao. Nguo za kuogelea ziishie baharini. Ukiingia mjini, mama ajifunge leso na baba avae shati. Ulevi barabarani ni aibu. Usimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa, hasa kina mama. Watoto wafunzwe kuwaamkia wazee, kwa kuwa "shikamoo" moja hufungua mlango ambao noti haifungui. Matumbawe na makombe yaachwe yalipo, na taka za plastiki mrudi nazo mlikotoka.

Na fedha je? Nyumba za wageni ni chache na za kawaida, kwa hivyo ulizia mapema, hasa Disemba na Pasaka. Beba pesa taslimu kidogo, maana benki ziko mbali. La muhimu ni hili: mlipe mwenye kazi moja kwa moja. Kiongozi wa pangoni, nahodha wa mashua, mama wa mahamri na mbaazi, wote hao ndio wanaouweka mji ulivyo. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone hawakusema mgeni njoo na chakula chako kutoka dukani Nairobi, ule, uache makopo.

Tunalisisitiza hili kwa sababu mambo yanabadilika. Katika miaka ya 2020 Serikali ilianza kujenga bandari ya uvuvi hapo Shimoni, na wengi wanaitazamia kazi itakayoletwa nayo. Hakuna wa kuwalaumu, kwani kijana wa Shimoni hawezi kula utulivu. Lakini kama msitu wa Gazi unalipa karo na matumbawe ya Wasini yananunua unga, mwenyeji atakuwa na sababu ya kuvitunza hata bandari ikikua. Visipolipa, msumeno utarudi, na siku hiyo hapatakuwa na mahali pa kukimbilia kelele za mjini.

Siku tatu zatosha kwa mwanzo: moja Gazi, moja Shimoni, moja Wasini. Beba leso, kofia, viatu vya kukanyagia matumbawe na dawa ya mbu. Saa ya mkononi unaweza kuiacha nyumbani.