Glasgow, Kigali, Temeke: Nani Kafundwa Kusikiliza?

Askari wa Glasgow aliyekubali kuzungumza nami alikuwa mama wa makamo, mwenye maneno machache. Zamani, alisema, akiitwa kwenye nyumba yenye ugomvi alitazama kwanza uso wa mwanamke: umevimba au haukuvimba? Siku hizi anauliza mengine. Kadi ya benki anashika nani? Mumeo anaijua nywila ya simu yako? Kwa dada yako ulikwenda lini mara ya mwisho?

Maswali hayo alifundishwa. Sheria ya Scotland ya unyanyasaji wa majumbani, ya mwaka 2018, ilianza kutumika Aprili 1, 2019, na inahukumu mwenendo mzima: kumtenga mtu na ndugu zake, kumpangia atoke lini, kumdhalilisha, kumtia hofu. Kifungo chaweza kufika miaka 14. Pamoja na sheria hiyo, askari na watumishi wa polisi wapatao 14,000 walipangiwa darasa. Je, darasa linasaidia? England na Wales, ambako kosa la namna hii liliingia sheriani mwaka 2015, watafiti walilinganisha vikosi vilivyofundishwa na visivyofundishwa. Penye mafunzo, ukamataji ulipanda kwa asilimia 41 hivi, na sheria ni ileile moja.

Nikamuuliza yule askari kuhusu ushahidi, maana mahakama za Scotland hutaka utoke pande mbili. Mke aliyetenganishwa na watu wote atamleta shahidi gani? “Meseji zake mume,” alijibu. “Hujiandikia ushahidi mwenyewe.”

Kigali nilipita haraka. Kituo cha Isange kilianza mwaka 2009 katika hospitali ya polisi ya Kacyiru: daktari, mpelelezi na mshauri chini ya paa moja, bila malipo. Mwathirika hasimulii aibu yake upya katika kila ofisi, na hilo peke yake ni ahueni.

Temeke, Dar es Salaam, ndiko nilikokaa. Huku Tanzania tuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na tuna PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali. Lakini mke ambaye hajapigwa hana jeraha la kumwonyesha daktari, na mara nyingi hafiki polisi. Huanzia kwa wazee, kisha kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka anayedai talaka apitie huko kwanza, isipokuwa kwa hali chache. Kwa hiyo sikio la kwanza la serikali, tukiliita hivyo, ni la mjumbe wa baraza. Ningekuwa na fedha za semina moja tu, ningemwita yeye kabla ya askari.

Mjumbe mmoja, bibi mwenye miwani mizito, alinieleza maswali yake ya kawaida: anakupiga? Anakulisha? Basi shida nini, mwanangu? Nilipomsomea yale ya Glasgow aliyarekebisha papo hapo. Kadi ya benki aliifuta.

“Uliza namba ya siri ya M-Pesa anayo nani. Uliza kikoba alikiachia nini. Na msibani, anakwenda kwa hiari yake au mpaka apewe ruhusa?”

Nikamwambia kuhusu semina yangu ya kufikirika.

“Waite na makungwi,” akasema. “Wao ndio humwambia avumilie, miaka kabla hajafika kwangu.”