Nyota Zilizokatika

Katika maabara ya Fizikia ya shule yetu, juu ya kabati la mizani, imetundikwa picha moja ya nyota. Wanafunzi wa kidato cha kwanza wakiitazama huuliza kwa nini nyota zimekuwa mistari badala ya vitone, na wenye macho makali huuliza pia kwa nini mistari yote imekatika mahali pamoja. Swali la kwanza nalijibu kwa furaha siku zote. La pili lanihusu mimi mwenyewe, na mhariri ameniomba nilieleze hapa. Mwenzangu anayehusika amenipa ruhusa.

Jambo lilianza likizo ya Juni mwaka huu wa 2025. Kaka yangu ni mpiga picha za harusi mjini Singida, naye alikuwa na kamera ya zamani, Canon EOS 1100D, aliyoiweka kando baada ya kupata nyingine. Nikamwomba aniazime. Akanikatalia mara mbili, na mara ya tatu akasema, "Chukua, mdogo wangu, lakini ikianguka utanilipa kwa yule mbuzi wako." Nilipofika shuleni nikaikabidhi kwa Mwalimu wa Fizikia, naye akaifungia kabatini hadi usiku wa kazi.

Msomaji ajua kwamba nyota hazitembei jinsi tunavyoziona. Dunia ndiyo izungukayo katika mhimili wake, mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, nasi tuliomo juu yake twaona anga lote likipita, nyuzi 15 kila saa. Kamera ikiachwa wazi muda mrefu, kila nyota huandika mstari. Zamani watu waliotumia filamu waliiacha kamera wazi saa nzima au zaidi kwa picha moja. Kwa kamera za siku hizi jambo hilo halifai sana, kwa kuwa kile kipande kinachopokea nuru hupata joto kikatoa vitone vya uongo, na weupe wa anga hujilimbikiza hata nyota zikamezwa. Isitoshe, gari moja likimulika taa kwa bahati mbaya, kazi ya saa mbili imekwisha.

Kwa hiyo hupigwa picha nyingi fupi, mfano za sekunde 30 kila moja, zikifuatana bila kupumzika. Kisha kompyuta huzilaza moja juu ya nyingine. Sisi tulitumia programu iitwayo StarStaX, isiyotozwa fedha. Kanuni yake ni nyepesi: kwa kila kitone cha picha, programu hutazama picha zote, ikachukua ile yenye mwanga kuliko nyingine mahali hapo. Anga jeusi hubaki jeusi, maana giza halijumlishwi, bali nyota iliyopita mahali fulani mara moja tu huachwa pale. Chochote kilichong'aa, hata kwa dakika moja, hakifutiki. Naomba msomaji akumbuke neno hili.

Kamera yetu haina saa ya kujipigia yenyewe. Tuliiweka katika hali ya kupiga mfululizo, tukaweka kijiwe juu ya kitufe na kukikaza kwa mpira uliokatwa katika bomba la baiskeli. Kwa sababu ya upepo wa Singida, ambao wageni huustaajabia, tulifunga mfuko wa mawe chini ya ile miguu mitatu ili isitikisike.

Usiku wa kwanza ulikuwa Jumamosi tarehe 26 Julai. Mwezi ulikuwa mchanga nao ulikwisha kuzama. Tulipanda jiwe kubwa lililo nyuma ya bweni la kwanza, mimi na rafiki yangu wa darasa moja, tukielekeza kamera kusini. Katika vitabu nilikuwa nimeona picha za Ulaya ambamo nyota zafanya duara kamili kuizunguka nyota ya kaskazini iliyo juu sana angani, nami, nakiri, niliona wivu. Sisi tuko kama nyuzi tano tu kusini ya ikweta, na ncha ya anga ya kusini iko nyuzi tano tu juu ya upeo, tena haina nyota yenye nuru ya kuitambulisha. Tuliitafuta kwa Msalaba wa Kusini, kwa kuurefusha mti wake mrefu mara nne na nusu kuelekea chini. Hivyo duara zetu huwa nusu, kama magurudumu ya mkokoteni yaliyofukiwa mchangani. Lakini huko Ulaya hawana hili: tukigeuza kamera mashariki, nyota hupanda karibu wima kabisa, na kutoka katikati, zile za kushoto hupinda kuelekea kaskazini na za kulia kuelekea kusini, kama nywele zilizotengwa kwa kitana.

Basi, usiku ule tulishindwa. Mistari yote ilitoka vipande vipande kama mshono wa fundi mwanafunzi. Mwalimu akachunguza kamera akaona mna chombo cha kusafisha picha, ambacho baada ya kila sekunde 30 hufunga jicho na kupiga giza kwa sekunde 30 nyingine ili kulinganisha. Nusu ya usiku wetu kamera ilikuwa ikipiga giza! Tukakizima, tukangoja mwezi upite.

Jumamosi tarehe 23 Agosti tukarudi, ila rafiki yangu alisema kichwa chamuuma, nikapanda peke yangu kwa idhini ya mwalimu wa zamu. Nilianza saa tatu kamili, nikaacha saa tano. Upepo ulikuwa mkali, nami muda mwingi nilijikunyata nyuma ya jiwe nisione kitu. Nilipata picha 232.

Jumapili nilipozifungua katika kompyuta, nikaona kuanzia picha ya 148 hadi ya 153 nuru ndogo nyekundu ikitoka pembeni mwa bweni, ikipita chini ya nyota mpaka kwenye ua. Moyo ulinipasuka. Wapenda nyota hufunika tochi kwa kitu chekundu ili macho yasipoteze uzoefu wa giza, nasi wawili tulikuwa tumezungushia tochi zetu plastiki nyekundu ya mfuko. Katika shule nzima tochi za namna ile zilikuwa mbili, na moja ilikuwa mfukoni mwangu.

Nilijua alikokwenda. Baba yake alipasuliwa tumbo juma lile, na simu aliyoombewa mchana iliita bila kupokelewa. Ng'ambo ya ua kuna nyumba ya mtu mwenye simu. Lakini kutoka nje usiku ni kosa kubwa, naye alikwisha kupewa onyo moja kwa maandishi. La pili lingempeleka nyumbani, na mtihani wetu ni Novemba. Nikazifuta picha zile sita. Sikuzificha, nilizifuta kabisa, tena katika kadi na katika kompyuta, kisha nikalaza zilizobaki. Sikumwambia mtu, hata yeye.

Kaka aliichapa picha mjini kwa karatasi kubwa, nikampelekea Mwalimu nikiwa na fahari. Aliitazama kitambo, akachukua rula. Alipima mstari mmoja: milimita 160. Akapima pengo lililokuwamo: milimita 4. "Pengo ni moja ya arobaini," akasema. "Ulipiga dakika 120. Ni dakika tatu." Akapima tena kutoka mwanzo wa mstari, upande wa kushoto, hadi kwenye pengo, akapata milimita 101, akaandika pembeni kwa penseli: dakika 76. "Saa nne na dakika kumi na sita. Kulikuwa na nini?"

Nikamwambia betri ilizimika.

"Ikizimika, nani aliiwasha?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekumbuka kila kitu isipokuwa kwamba nyota ni saa. Mwalimu hakupandisha sauti. Alisema, "Sikuulizi ni nani. Ila usiniletee picha ukaiita ya saa mbili nayo si ya saa mbili."

Usiku huo nikamweleza rafiki yangu yote. Nilidhani atanishukuru. Badala yake alikasirika. "Umeniona tangu Jumapili iliyopita, nawe unanyamaza? Juma zima mimi silali, nikidhani mlinzi ndiye aliyeniona." Ndipo nilipofahamu kwamba nilikuwa nimeifuta nuru yake katika kadi tu, naye hofu yake aliibeba peke yake kitanda cha pili kutoka kwangu. Asubuhi alikwenda mwenyewe kwa mwalimu wa nidhamu. Nami nikafuata, kwa miguu mizito, siwezi kusema vinginevyo.

Hakurudishwa nyumbani. Kwa kuwa alijisema mwenyewe, na kwa ajili ya hali ya baba yake, tulipewa kuchimba shimo jipya la taka, siku tatu, wawili sote. Udongo wa huku ni mgumu sana mwezi wa Agosti, na hadi leo naona lile shimo lingetosha shule mbili. Lakini siku hiyo hiyo ya kwanza aliitwa ofisini akapewa simu, akaongea na mama yake nusu saa. Baba yake alitoka hospitali Septemba.

Shimo lilipokwisha nikamwendea Mwalimu kuomba ruhusa ya kupiga upya, ili niichane ile iliyoharibika. Alikuwa akisahihisha madaftari. Bila kuinua kichwa akaniambia kwamba nilikuwa mjinga mara mbili. Nuru ile ilikuwa ardhini tu, si angani. Kama ningalipaka weusi sehemu ya chini ya picha zile sita, programu isingaliuchagua weusi hata kidogo, ardhi ingalichukuliwa katika picha nyingine, na nyota zingalibaki nzima. Hakuna rula ambayo ingaligundua.

Nikamwuliza kwa nini basi hakunifundisha mapema.

Akacheka, akaichukua ile picha yenye pengo akaitazama tena kwa mbali, akanituma kwa fundi wa shule nikalete nyundo na misumari miwili.