Picha ya Kopo

Mara nyingi tunaulizwa siku ya Dominika kwa nini twakaa karibu na mlango wa kanisa, na kwa nini baba hutoka nje na mtoto mara ngoma zinapoanza. Leo twataka kujibu, maana kunyamaza kumetuchosha.

Mtoto wetu wa tatu alizaliwa hapa Lubumbashi, mzima wa mwili. Alinyonya vema, akatembea kama wenzake. Lakini alipopata miaka miwili tuliona kwamba tukimwita kwa jina hageuki. Walakini karatasi ya biskuti ikilia chumba cha pili, mara moja yuaja mbio. Basi si kiziwi. Maneno machache aliyokuwa nayo yakapotea. Kutwa nzima alizungusha kifuniko cha sufuria sakafuni, akikitazama.

Ndugu walisema yao. Kambo, mama wa baba, ndiye aliyesema wazi, mbele ya mtoto, kwamba ana uchawi, tumpeleke kwenye chumba cha maombi wamfungishe njaa siku tatu. Twaona haya kuandika kwamba usiku ule tulibishana sisi wawili hata jogoo akawika, na mmoja wetu alikuwa karibu kukubali. Sheria ya nchi yetu ya 2009, ya kulinda mtoto, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Lakini sisi wakati ule hatukuijua.

Mganga wa hospitali ndiye aliyetupa jina: otisimu. Alisema hauambukizi, wala hakuna dawa ya kuuondoa. Ubongo wa mtoto wa namna hii hupokea sauti, nuru na maneno kwa njia nyingine. Alituambia pia kwamba daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto hao huko Marekani katika mwaka 1943, na kwamba kwa miaka mingi wenye elimu waliwalaumu akina mama, eti hawakuwapenda watoto wao. Neno hilo limekwisha kutupwa. Mama wa nyumba yetu aliposikia alisema: Kumbe hata wao walitafuta mchawi, wakamwona mama!

Masomo ya watoto kama yeye hatukuweza kuyalipa. Mtawa mmoja mwenye kuijua kazi hiyo alitufundisha, na nyumba yetu ikawa darasa. Kazi ya kwanza ilikuwa kushuka chini. Tuliketi mkekani mbele yake, tukatwaa kifuniko cha pili, tukakizungusha kama yeye. Majirani walicheka, na kweli tulichekesha. Majuma mawili hakututazama. Kisha siku moja alisimamisha chake, akatazama chetu, halafu akatutazama usoni.

Baada ya hapo zikaja picha. Njia hii ilianzishwa na Andy Bondy na Lori Frost huko Marekani katika mwaka 1985. Tulichora kopo kwa makala juu ya kipande cha katoni. Mmoja wetu anashika kopo la maji bila kusema neno. Mwingine anakaa nyuma ya mtoto, anamsaidia mkono wake kuitoa ile picha. Akiitoa, apewe maji papo hapo. Yataka watu wawili, kwa hiyo tulingoja baba arudi kazini, mbabula imekwisha kuwashwa, na bukari kila siku ikachelewa. Siku ya ishirini na tatu alileta picha peke yake, hakuna aliyemshika mkono.

Lakini siku nyingine alileta picha, na bidoni zote zilikuwa tupu, bomba limekauka tangu juzi. Alipiga kichwa ukutani hata damu ikatoka. Baba alimpiga kofi ili aache. Hakuacha, na sisi hatujasahau. Sasa tunaficha kopo moja la maji juu ya kabati, kwa ajili yake tu.

Hapo dada yake mkubwa, mwenye miaka tisa, alituambia: Mimi nikisema nina kiu, hakuna anayekimbia. Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile mama anakwenda naye sokoni Jumamosi, wao wawili peke yao, na hawazungumzi habari za mdogo wake.

Mtoto sasa ana miaka mitano. Hasemi bado. Picha anazo kumi na moja.

Mwezi uliopita tulirudi nyumbani mapema kuliko tulivyosema. Tulimkuta kambo mkekani, miguu ameinyosha, karanga mkononi, na mbele yake kipande cha katoni alichochora mwenyewe. Karanga zake zilifanana na mawe. Mtoto aliokota katoni, akampa. Kambo alipotuona alikasirika, akasema tusimwambie mtu.

Basi tumeandika tu.