Matumaini Katika Shule ya Msingi: Tuliyoyaona Mazoezini

Mwanachuo akiulizwa ni wapi mtoto hufundishwa tabia njema, aghalabu hutaja jina la somo. Jibu hilo lina sababu yake. Kwa miaka mingi nchi yetu imekuwa na somo lililobebeshwa mzigo huo: lilikuwapo Siasa, likaja Uraia, mtaala wa 2005 ukaleta Haiba na Michezo, baadaye tukapata Uraia na Maadili, na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unalo somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Hatuna ugomvi na somo lolote kati ya hayo. Lakini sisi tunaozunguka shule za mazoezi kila mwaka tumeona kwamba jina la somo laweza kubadilika mara tano, na mstari wa asubuhi usibadilike hata kidogo.

Hebu tuutazame mstari huo. Wimbo wa Taifa huimbwa, kucha na sare hukaguliwa, kisha mwalimu wa zamu hufungua daftari lake. Humo mna waliochelewa, waliopiga kelele, waliotoroka, wasiofagia. Ni mara chache sana tumekuta daftari la zamu lenye nafasi ya kuandika jambo jema lililotendwa na mtoto. Hivyo, mtoto ambaye jina lake halikutajwa ndiye aliyefaulu siku hiyo, naye hujifunza kila asubuhi kwamba wema ni kutoonekana. Mwisho wa muhula ndipo majina yote husomwa, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Wa kwanza hupigiwa makofi. Wa 83 hupigiwa kicheko. Sisi tuliosoma shule za msingi katika miaka ya 1990 twakijua kicheko hicho, na twawajua wenzetu ambao baada yake hawakurudi shuleni muhula uliofuata.

Ndugu wanachuo husoma Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 kwa ajili ya mtihani, jambo ambalo lina kichekesho chake, kwa maana humo Mwalimu Nyerere alitaka mtihani upunguziwe heshima, na elimu ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe, wala si ngazi tu ya kupandia sekondari. Aliitaka shule iwe jumuiya inayofanya kazi pamoja. Sasa twende katika shule zetu. Jembe lile lile ambalo Jumatatu ni kifaa cha kujifunzia, Jumanne huwa adhabu ya aliyechelewa. Choo husafishwa na mkosaji. Mtoto hahitaji kuambiwa kazi ya mikono ni ya nani, amekwisha kuona.

Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka mmoja wa karibuni tulimtazama mwanachuo aliyepangiwa darasa la nne lenye watoto 83. Darasa hilo lilikuwa na ugonjwa wa penseli kupotea. Kila zilipopotea, mkoba uliomwagwa kwanza ulikuwa wa mtoto mmoja wa kiume, mwenye miaka kumi hivi, ambaye tangu darasa la pili alikuwa akiitwa mwizi, na walimu nao walimwita hivyo. Mwanachuo huyo, mgeni wa wiki nane tu, hakuwa na mamlaka ya kubadili desturi ya shule. Alichofanya ni kununua penseli 20, akazitia katika kopo tupu la maziwa, akaliweka mezani. Asiye na penseli aazime asubuhi, arudishe kabla ya kengele ya mwisho. Mtunza kopo awe mmoja kila siku, kwa kufuata daftari la mahudhurio. Jioni mtunzaji ahesabu mbele ya darasa, na idadi iandikwe pembeni mwa ubao.

Wiki ya kwanza idadi ilishuka hadi 13. Mwalimu wa darasa alicheka, akasema alijua. Mwanachuo hakuongeza penseli wala hakupekua mkoba. Aliliuliza darasa lifanye nini. Watoto wakapendekeza kila penseli ifungwe uzi mwekundu. Wiki ya pili zilishuka tena hadi 11, kisha zikaanza kurudi kutoka majumbani moja moja, mpaka zikafika 16.

Ndipo zamu ikamfikia mtoto yule. Yafaa wanachuo waliangalie jambo hili kwa makini. Hakuchaguliwa kwa huruma, wala hakuitwa mbele ili darasa lione jinsi mwalimu anavyomwamini. Zamu ilimfikia kwa sababu jina lake lilikuwa limefika. Darasa lilinung'unika. Mwanachuo akajibu kwamba leo ni zamu yake, na kesho ni ya anayemfuata. Jioni zilihesabiwa, zikawa 15. Sisi tulikuwa tumeketi nyuma siku hiyo, na twakiri kwamba kimya kile kilitutisha. Watoto wote waligeuka wakamtazama. Mwanachuo aliandika 15 ubaoni kama alivyoandika 13 na 11 chini ya watunzaji wengine, akawaaga watoto.

Siku ya tatu msichana mmoja aliikuta penseli yenye uzi mwekundu katikati ya daftari lake la Hisabati, akaipeleka mbele. Hakukuwa na mawaidha. Mwanachuo alifuta idadi iliyokuwapo, akaandika 16. Mtoto yule hakugeuka malaika. Wiki iliyofuata alipigana uwanjani na akaadhibiwa. Lakini penseli zilipopotea tena, hakuna aliyeuendea mkoba wake kwanza, maana darasa lilikuwa limepata njia nyingine ya kuanza, nayo ni kuhesabu. Twajua kuna watakaosema mambo haya yanataka madarasa madogo. Kuhesabu penseli kumi na kitu huchukua dakika mbili, hata kwa watoto 83.

Kuna wanaodhani matumaini ni kusifu. Tumesikia makofi mengi mno madarasani, mengine yakipigwa kwa jibu lisilo sahihi ili mtoto asivunjike moyo. Mtoto hujua anapodanganywa. Chukua mfano wa mtoto aliyeandika 42 − 17 = 35. Mwanachuo mmoja huweka alama ya kosa akapita. Mwingine humpigia makofi kwa kujaribu. Wote wawili hawakuuliza umeipataje. Mtoto huyo ametoa 2 katika 7 akapata 5, akatoa 1 katika 4 akapata 3: ana kanuni yake, daima hutoa ndogo katika kubwa, na anaitumia kwa uaminifu. Mpe vijiti 42 vilivyofungwa kumi kumi, mwambie atoe 17, na atalazimika mwenyewe kufungua fungu moja. Atabakiwa na 25. Hapo ndipo aonapo kwamba kosa lake lilikuwa na sababu, na lenye sababu hurekebishika.

Kuhusu fimbo tutasema machache. Kanuni za mwaka 2002 zinaweka kikomo cha viboko vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au yule aliyempa idhini kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Mwanachuo hana idhini hiyo. Atembeaye na fimbo darasani kwa kuwa amewaona wengine wakifanya hivyo anavunja kanuni, na hatutapokea maelezo ya mazingira.

Tutakapokuja kuwatazama muhula ujao, andalio la somo tutalisoma kama kawaida. Kisha tutaonyesha watoto watatu wa dawati la nyuma, na kumwuliza mwanachuo majina yao, na ni kitu gani kila mmoja ameweza wiki hii ambacho wiki iliyopita hakukiweza. Daftari dogo la kuandikia mambo hayo, mwanachuo aje nalo mwenyewe, chuo hakitoi.