Plagi Nzima, Koili Nzima, na Gari Bado Linamisi

Leo tuiache kompyuta ya mezani, tuangalie ile iliyo chini ya boneti. Si mbali sana na kazi yetu. Anayejua kusaka hitilafu kwenye programu anajua tayari nusu ya kusaka hitilafu kwenye injini. Nusu ya pili ni spana na mikono kuchafuka.

Gari lenyewe ni Probox ya mwaka 2012, injini ya 1NZ-FE, lita 1.5, silinda nne. Ni la dadangu, na ndilo linalosambaza mikate yake madukani kila alfajiri. Lilianza kumisi: likisimama huku injini inawaka linatetemeka kama mtu mwenye homa, likikutana na mlima linaishiwa nguvu, na taa ya injini ikawaka. Gereji fulani ilimwambia anunue koili zote nne na plagi nne. Hiyo pesa ndiyo ya kununulia unga. Akaniuliza, "Wewe wa kompyuta, hebu niambie, ni lazima?"

Tuelewe kwanza kilichomo. Kila silinda ina plagi yake, na juu ya plagi imekaa koili. Koili inachukua umeme wa volti 12 wa betri na kuupandisha hadi maelfu mengi ya volti, kiasi cha kuruka mwanya wa takriban milimita 1 kwenye ncha ya plagi. Cheche hiyo ndiyo inayowasha petroli na hewa. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi inapiga cheche 25 kwa sekunde. Na kati ya koili na plagi kuna mpira mrefu wenye springi ndani yake. Springi inapitisha umeme, mpira unauzuia usitoroke njiani. Ukumbukeni huo mpira.

Nilichomeka kifaa kidogo cha ELM327 chini ya usukani, nikasoma kwa simu: P0302. Tarakimu ya mwisho ndiyo silinda, kwa hiyo ni silinda ya pili. Ingekuwa P0300, maana yake injini inamisi bila kutaja silinda moja. Kwenye injini hii silinda huhesabiwa kuanzia upande wa cheni, ambao kwa magari yetu ni upande wa dereva.

Hapa kuna jambo linalofaa kujulikana. Kompyuta ya injini haikuiona cheche. Ina sensa inayopima mwendo wa krankshafti, na silinda isipowaka, krankshafti inapungua kasi kidogo kwa muda mfupi mno. Kompyuta inahesabu ni zamu ya silinda gani, inaandika msimbo. Yaani inakuambia ni wapi, haikuambii ni kwa nini. Ni kama programu inayokupa namba ya mstari ilipoangukia. Kosa lenyewe linaweza kuwa kwingine kabisa.

Basi nikafanya tunavyofanya siku zote: badilisha kitu kimoja, jaribu, kisha uamue. Injini ikiwa imepoa, nilichomoa waya wa koili ya pili na ya tatu, nikafungua bolti zake kwa spana ya 10, nikazizungusha kidogo na kuzivuta juu. Nikazibadilishana nafasi. Plagi sikuzigusa. Nikafuta msimbo, nikawasha, nikaendesha kidogo tu, maana petroli isiyowaka huenda kuungua kwenye katalisti ya ekzosi na kuiharibu. Taa ya injini ikianza kuwaka na kuzima mfululizo, usiendelee na safari.

Msimbo ukarudi P0303. Hitilafu imehama pamoja na koili. Kwa hiyo plagi ya silinda ya pili haina hatia.

Wengi wangesimama hapo na kwenda dukani kununua koili. Lakini kilichohama ni vitu viwili: koili na mpira wake. Nikaivua ile mipira, nikauvisha ule wa koili inayoshukiwa kwenye koili ya silinda ya nne, na wa nne kwenye inayoshukiwa. Nikafuta, nikawasha: P0304. Koili ilikuwa nzima. Mgonjwa ni mpira.

Nilipoukunja kwenye mwanga niliona ufa mwembamba, na kando yake mstari mweusi kama tawi. Ndiyo njia ambayo umeme ulikuwa ukitorokea kwenye chuma cha injini badala ya kufika kwenye ncha ya plagi. Joto hukausha mpira hadi ukawa mgumu.

Plagi nilizitoa pia, kwa sababu moja. Mwanya wake ulikuwa umelika na kupanuka. Mwanya ukipanuka, umeme unahitaji volti nyingi zaidi kuuruka, na volti zikizidi hutafuta mlango mwingine. Plagi iliyochakaa humalizia mpira uliochoka. Kuweka mpira mpya juu ya plagi kuukuu ni kuahirisha tatizo.

Ukitaka kufanya mwenyewe, zingatia haya:

1. Puliza vumbi kwenye shimo kabla ya kufungua plagi, lisiangukie ndani ya silinda. Ukikuta oili humo, sili ya kifuniko cha juu inavuja, na oili huharibu mpira.

2. Anza kufunga plagi kwa mkono. Ichomeke kwenye kipande cha mpira wa petroli, uuzungushe polepole. Uzi ukikaa vibaya, mpira utateleza kabla ya kuharibu aluminiamu.

3. Ikishakaza kwa mkono, plagi mpya yenye washa huongezwa takriban nusu mzunguko kwa spana. Usitumie nguvu za kufungia tairi.

4. Paka grisi ya silikoni kidogo ndani ya mdomo wa mpira. Sukuma koili wima hadi uhisi mpira umekamata kichwa cha plagi. Bolti isitumike kuivuta koili chini. Koili ikae kwanza, bolti ishikilie.

Dadangu alinunua mipira minne na plagi nne, koili zake ziko palepale. Fundi wa gereji simwiti mwizi. Mteja anasimama mlangoni anataka gari sasa hivi, na kubadilisha kila kitu ndiyo njia ya haraka ya kumwondoa. Gari lingepona kweli, kwa sababu koili mpya huja na mpira mpya. Ila yeye angeamini koili ndizo zilizokufa, na mteja anayefuata angelipia imani hiyo hiyo.