Kompyuta Isiyo na Kioo Chake

Tunapojadili sera ya teknolojia nchini mwetu, hupenda kuhesabu vifaa: shule ngapi zimepata kompyuta, wilaya ngapi zimefikiwa na mkongo. Ni nadra kuuliza kifaa chenyewe kinamdhania mtumiaji wake kuwa nani. Swali hilo limenikaa moyoni tangu niliponunua, kwa muuza vitu vya mitumba huko Uingereza, kompyuta ndogo aina ya ZX Spectrum.

Spectrum ilizinduliwa Aprili 1982, kwa pauni 125 ile yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16, na pauni 175 ile ya 48. Ilikuwa rahisi kwa sababu, pamoja na mengine, haikuja na kioo chake. Clive Sinclair na wahandisi wake waliitegemea runinga iliyokuwa tayari sebuleni mwa Mwingereza. Ndani yake mna kisanduku kidogo cha bati, yaani modulata, kinachoigeuza picha kuwa mawimbi ya UHF katika chaneli ya 36. Unachomeka waya mahali pa antena, unatafuta stesheni, na runinga inadhani imepata kituo kipya. Tofauti ni moja tu: mrushaji wa matangazo ni mtoto aliyeketi sakafuni.

Kwetu hali ilikuwa nyingine. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na runinga. Siwabezi viongozi wa wakati ule. Fedha za kigeni zilikuwa adimu na mahitaji yalikuwa mengi. Hata hivyo, Spectrum ilipozaliwa, kijana wa Bara alikosa vyote viwili, mashine na kioo cha kuitazamia. Zanzibar ilikuwa na runinga ya rangi tangu miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi 1994.

Leo kikwazo kimegeuka. Runinga zimejaa, lakini nyingi mpya hazipokei tena mawimbi ya analojia, ambayo jijini Dar es Salaam yalizimwa 31 Desemba 2012, nasi tukanunua ving'amuzi. Kwa hiyo nilimpelekea mashine yangu fundi redio wa mtaani. Alifungua modulata, akaichukua picha kabla haijageuzwa kuwa mawimbi, akaichomelea moja kwa moja kwenye tundu la kutolea, kisha tukaunganisha waya hadi tundu la njano la AV. Sauti haikuhitaji kazi, kwani Spectrum ina spika yake ndani.

Niliiwasha mbele ya wanafunzi wangu. Kioo kikawa cheupe, na chini pakatokea mstari mmoja wa hakimiliki.

“Mwalimu, programu ziko wapi?” akauliza mmoja.

“Mtaziandika ninyi,” nikamjibu.

Kimya kilichofuata ndicho kinachonisumbua. Mashine ile ya mwaka 1982 ilimdhania mtoto kuwa mtunzi. Vishikwambi tunavyowagawia wanafunzi leo vinawadhania kuwa watazamaji, na vikiharibika fundi wetu wa mtaani hana pa kuvifungulia. Basi tunapotia saini mikataba ya kununua vifaa vya shule, tusiishie kwenye idadi na bei. Tudai vifaa vinavyofunguka, vinavyotengenezeka hapa hapa, na vinavyomruhusu mtoto kuandika amri yake mwenyewe. Marufuku ya 1974 ilikuwa na mwisho wake; utegemezi tunaounyamazia hauna tarehe.